Usukani Ulegeapo: Namna ya Kutafuta Ubovu katika Pikapu Kuukuu

Katika mitaa ya Mwiki, upande wa Ruiru unaopakana na Kasarani, pikapu ni mtumishi wa kila mtu. Alfajiri hubeba sukuma wiki kwenda soko la Githurai. Mchana hurudi na magunia ya chakula cha ng'ombe. Na mwenye kujenga akiiazima, hupakiwa mawe ya Ndarugo mpaka springi zake za nyuma zikanyooka kama rula. Nyingi za pikapu hizo zina umri mkubwa. Zipo Peugeot 504, zipo Toyota Hilux, Datsun na Isuzu ambazo zimepita katika mikono ya wenyewe watano au sita. Mabati yamepigwa rangi tena na tena, na injini imefunguliwa na kufungwa. Bali usukani haukuguswa, maana gari bado lakata kona.

Hapo ndipo penye hatari. Usukani haulegei kwa siku moja. Hulegea kidogo kidogo, na mkono wa dereva nao huzoea kidogo kidogo, hata mwenye gari hajui tena kwamba anausahihisha kila hatua kumi. Anayeshtuka ni yule aliyeazima. Azungusha usukani, gari halijibu. Azidisha kuzungusha, mara laruka upande wa pili. Katika njia ya vumbi jambo hilo laweza kuchekesha. Katika barabara kuu ya Thika, ile iliyofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 1912+100, yaani 2012, ambako lori hupita kulia na basi kushoto, hakuna anayecheka.

Kisa cha namna hii chaweza kutokea katika gereji yoyote. Mkulima wa Mwiki ampelekea fundi pikapu yake siku ya Jumatatu. Fundi aushika usukani, autikisa kulia na kushoto, kisha asema bila hata kuinama chini ya gari: "Mzee, boksi la usukani limekufa. Leta pesa tukatafute jingine." Fedha alizo nazo mzee ni za karo ya mtoto, na shule yafunguliwa juma lijalo. Akilipa boksi, mtoto atangoja nyumbani. Asipolipa, Jumamosi hana budi kupeleka kabichi sokoni kwa gari asiloliamini. Mtu asidhani kwamba fundi huyo ni mwizi. Aghalabu amesema lile lililomjia kwanza. Lakini boksi jipya laweza kufungwa, fedha zikaisha, na usukani ukabaki ukicheza vile vile, kwa kuwa ubovu ulikuwa katika bushi ndogo ambayo hakuna aliyeitazama.

Kwanza yafaa mwenye gari ajue ni usukani wa namna gani alio nao, maana ni namna mbili. Peugeot 404 na 504 hutumia reki, yaani chuma kirefu chenye meno ambacho husukumwa kulia na kushoto na gurudumu dogo la meno lililo mwisho wa fimbo ya usukani. Viungo vyake ni vichache, kwa hiyo huitika upesi. (Wazee wangali wakilisifu 404: mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari saba tu yalimaliza mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, na mara zote mbili lililoshinda lilikuwa Peugeot 404 lililoendeshwa na Nick Nowicki.) Pikapu nyingi za zamani kutoka Japani, kama Datsun, Hilux na Isuzu, zina boksi. Ndani ya boksi kuna skrubu kubwa na gololi za chuma; nje yake kuna mkono unaosukuma vyuma vinavyofika kwenye magurudumu. Katika nyingi kati ya hizo mkono wa boksi uko upande wa dereva, na upande wa abiria upo mkono mwingine wa kuushikilia usawa ule chuma cha katikati. Mkono huo wa pili haufanyi kazi kubwa, na kwa sababu hiyo husahauliwa. Nao ni miongoni mwa vya kwanza kulika.

Tofauti hiyo ina maana katika kupima. Usukani wa boksi hata ukiwa mzima hucheza kidogo. Wa reki haupaswi kucheza ila kwa kiasi cha upana wa kidole. Wakaguzi wa magari wa Uingereza, kwa usukani wenye kipenyo cha milimita 380, huruhusu kwa kawaida milimita 13 tu ikiwa ni reki, na milimita 75 ikiwa si reki. Lakini hicho ni kikomo cha kukataa gari, wala si alama ya uzima. Vitabu vya ufundi vya Toyota kwa kawaida huweka mwisho kwenye milimita 30. Kupima si kazi ngumu: simamisha gari mahali sawa, magurudumu yakitazama mbele, funga kipande cha uzi kwenye ukingo wa usukani, kisha uzungushe polepole mpaka gurudumu la mbele lianze kutikisika. Umbali uzi uliokwenda bure ndio ulegevu. Gari lenye usukani wa nguvu za mafuta lipimwe injini ikinguruma.

Kabla ya kulala chini ya gari, mtu atazame upepo wa matairi na mzigo. Tairi lenye upepo mdogo huyumba, na dereva hudhani ni usukani. Pikapu iliyolemewa nyuma huinua pua, magurudumu ya mbele yakapoteza uzito wake barabarani, na usukani ukawa mwepesi kama wa mashua. Shusha mawe, na ugonjwa umekwisha. Tena kuna bushi za springi za nyuma: zikiisha, ekseli ya nyuma hujipindisha yenyewe na kuligeuza gari bila dereva kutaka. Wengi wamebadilisha vyuma vyote vya mbele kwa kosa lililokuwa nyuma.

Baada ya hayo kazi yataka watu wawili na utulivu. Injini izimwe, breki ya mkono ivutwe, magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa magogo, na magurudumu yote yawe yamekanyaga ardhi. Mmoja aketi ndani na kuutikisa usukani kulia na kushoto, kwa umbali ule ule wa ulegevu tu, pasipo nguvu. Wa pili achungulie chini kwa tochi, akifuata mwendo huo kutoka juu hata chini, kama mtu anayefuata mfereji wa maji kutafuta mahali yanapovuja.

Aanze na fimbo ya usukani na viungo vyake. Ikiwa usukani wazunguka na fimbo iingiayo kwenye boksi haizunguki papo hapo, kiungo cha fimbo kimelika. Ikiwa fimbo yazunguka na mkono wa boksi haujatikisika, sasa ndipo mtu aweza kulishuku boksi. Lakini aweke pia kiganja chake juu ya boksi lenyewe: likihama juu ya chasi, basi bolti zimelegea, au chasi imepasuka pale ilipofungiwa. Ufa wa chasi si jambo la kulichelewesha hata siku moja. Ikiwa mkono wa boksi waenda na chuma kilichoungwa nao hakiendi, kiungo kilicho kati yao ndicho kibovu. Na ule mkono wa upande wa abiria ukipanda na kushuka badala ya kwenda kando tu, bushi yake imekwisha. Mwishoni ni viungo vya tairodi, vile vyenye kichwa cha mviringo ndani ya kikombe. Kidole kikiwekwa juu ya kiungo huhisi mchezo ambao jicho halioni.

Ndipo gari lipandishwe kwa jeki, likalie juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake imewaua watu, na jiwe la kujengea hupasuka ghafula. Gurudumu lishikwe juu na chini na kutikiswa. Likicheza, aliye ndani akanyage breki. Mchezo ukitoweka, ni beringi ya gurudumu, kwa kuwa breki imeunganisha gurudumu na kilichokishikilia. Mchezo ukibaki, ni boli-jointi. Kisha lishikwe kushoto na kulia. Likicheza namna hiyo tu, turudi kwenye tairodi. Jaribio hili la breki halichukui dakika mbili, nalo limeokoa beringi nyingi zisinunuliwe bure.

Boksi likithibitika kuwa na ulegevu, bado si lazima litupwe. Juu yake kuna skrubu yenye nati ya kuikaza. Hiyo hugeuzwa kidogo sana, magurudumu yakiwa yametazama mbele, kwa maana hapo katikati ndipo boksi hulika zaidi. Fundi mwenye haraka huikaza mpaka mchezo wote uishe, naye mwenye gari hufurahi mpaka kona ya kwanza, aonapo usukani unakwama na haurudi wenyewe. Ulegevu huo mtu aweza kuuvumilia siku mbili tatu hata apate fedha. Usukani unaokwama haustahimiliki hata saa moja.

Kuhusu vipuri, wengi wa Mwiki hupanda matatu kwenda Nairobi, barabara ya Kirinyaga, ambayo watu wangali wakiiita Grogan kwa jina lake la zamani. Yafaa kuchukua kile kibovu mkononi kukilinganisha. Bushi iliyotumika yaweza kununuliwa na kulaumiwa baadaye. Boli-jointi iliyotumika isinunuliwe kabisa. Wala tairodi au mkono wa usukani usichomelewe, maana moto huugeuza ugumu wa chuma, nacho hukatika bila kuonya. Kila nati yenye pini irudishiwe pini mpya, si waya wa ua. Na tairodi ikibadilishwa, mizunguko yake ihesabiwe wakati wa kufungua, kisha magurudumu yapelekwe kupimwa alainimenti, ama sivyo matairi mapya yataliwa kwa miezi michache.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hailiruhusu barabarani gari ambalo sehemu zake zaweza kuleta hatari, na magari ya biashara hayana budi kukaguliwa kila mwaka. Ila kati ya ukaguzi na ukaguzi kuna siku nyingi, na pikapu haipumziki.

Turudi kwa yule mzee wa karo. Jirani yake, dereva wa lori aliyestaafu, amwambia, "Ngoja kwanza, tuangalie." Kijana wa mzee aketi ndani, jirani alala chini na tochi. "Tikisa. Polepole, mwanangu. Tena." Mkono wa upande wa abiria wapanda na kushuka kama mpini wa pampu, bolti moja ya boksi yazungushwa kwa vidole. Boksi ni zima. Jirani apandisha gari, ashika gurudumu la kushoto juu na chini, nalo lacheza. "Kanyaga breki." Lacheza bado.

"Bushi na bolti si kitu, mzee mwenzangu," asema akijipangusa grisi. "Lakini boli-jointi hii ya chini haiendi sokoni."

Karo yalipwa Ijumaa. Kabichi zapelekwa Githurai Jumamosi kwa gari la kukodi, faida ikawa ndogo, na pikapu yabaki uani juu ya stendi, gurudumu lake la kushoto likiwa limeegemezwa ukutani, ikingojea Jumatatu.