Jinsi Programu ya Python Inavyosikiliza Matukio

Programu nyingi huuliza kisha hungoja: hutuma ombi kwa seva, husimama mpaka jibu lifike, ndipo huendelea. Mtindo huo haufai pale habari inapozuka upande wa pili bila kuitwa, kama vile maji yanaposhuka kwenye tangi, mlango wa ghala unapofunguliwa au umeme unapokatika. Kuuliza kila sekunde kama kuna jipya ni kumaliza betri na bando bure, na bado jambo laweza kutokea na kupita katikati ya swali moja na jingine. Njia bora ni programu kukaa ikisikiliza, na tukio lenyewe liiamshe.

Itifaki ya MQTT ilibuniwa kwa hali kama hiyo. Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper waliiunda mwaka 1999 ili kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, ambako mawasiliano yalikuwa ghali na kila baiti ilihesabiwa. Kati ya watumaji na wasikilizaji kuna seva iitwayo wakala, inayopokea ujumbe na kuugawa kwa kila aliyejiandikisha kwenye mada husika. Mada huandikwa kwa ngazi, mfano maji/tangi3/kimo. Alama ya + husimama badala ya ngazi moja, kwa hiyo anayejiandikisha kwa maji/+/kimo hupata habari za matangi yote.

Kwa Python, maktaba inayojulikana sana kwa kazi hii ni paho-mqtt, iliyo chini ya Eclipse Foundation. Mwandishi wa programu hahangaiki na soketi. Huandika funksheni na kuzikabidhi kwa maktaba: on_connect huitwa wakala anapojibu ombi la kuunganishwa, on_message kila ujumbe unapoingia, on_disconnect muunganisho unapokatika. Wanaoanza huchanganyikiwa hapa, kwa sababu katika msimbo wao hawaoni popote funksheni hizo zinapoitwa. Anayeziita ni mzunguko wa mtandao ulio ndani ya maktaba. loop_forever() huushika uzi (thread) ulioiita na kubaki nao. loop_start() huupeleka mzunguko kwenye uzi wa pembeni, programu ikaendelea na mengine. Usipoanzishwa mzunguko wowote, connect() itarudi bila kulalamika, lakini hakuna ujumbe hata mmoja utakaofika.

Kujiandikisha kwa mada kufanyike ndani ya on_connect. Mtandao ukikatika, mzunguko huunganisha upya wenyewe, lakini kama kikao kilifunguliwa kikiwa safi, wakala huwa amesahau mada zote. Aliyeandika subscribe() mara moja tu, chini ya connect(), atabaki na programu iliyounganishwa vizuri na isiyosikia kitu.

Kosa kubwa zaidi ni kuifanyisha on_message kazi nzito. Katika utaratibu wa kawaida, uzi uleule unaosoma ujumbe ndio unaotuma ishara za uhai kwa wakala. Muda wa ishara hizo kwenye paho, usipobadilishwa, ni sekunde 60, na kanuni za MQTT humtaka wakala akate muunganisho akikaa mara moja na nusu ya muda huo, yaani sekunde 90, bila kusikia lolote. Funksheni ikikwama dakika mbili ikisubiri hifadhidata, ishara hazitoki. Wakala humhesabu mteja kuwa amekufa na kusambaza wosia wake, ule ujumbe ulioachwa tangu mwanzo kwa ajili ya ajali, ilhali programu iko hai ila imeshughulika. Kwa hiyo on_message ipokee, iweke ujumbe kwenye queue.Queue na kurudi mara moja. Uzi mwingine uchukue kutoka kwenye foleni na kufanya kazi ndefu.

Uangalifu uleule unahitajika kwa data mbovu. message.payload ni baiti tupu, na kifaa kibovu chaweza kutuma chochote. json.loads() ikishindwa ndani ya on_message na kosa lisidakwe, uzi wa pembeni hufa huku programu kuu ikiendelea kana kwamba yote ni salama. try na except ni lazima, na ujumbe uliokataliwa uandikwe kwenye kumbukumbu ili uchunguzwe.

Uhakika wa kufika una madaraja matatu. Daraja 0 hutuma mara moja bila kufuatilia. Daraja 2 hufikisha mara moja tu, kwa gharama ya pakiti nne. Daraja 1 huhakikisha ujumbe umefika, lakini waweza kufika mara mbili, hivyo kazi inayofanyika iwe salama kurudiwa: kuandika kuwa kimo ni sentimita 80 hakudhuru kukirudiwa, kuongeza moja kwenye hesabu kunaiharibu. Foleni nayo ina hatari yake. Kwa kawaida maktaba huthibitisha kupokea on_message inapomalizika, hata kama kazi bado imo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na umeme ukikatika hapo, ujumbe umepotea. Kwa taarifa zisizopaswa kupotea, matoleo ya 2 hukubali manual_ack=True, kisha uzi wa kazi ndio unaoita ack() baada ya kumaliza.

Wakati wa kufunga, foleni imalizwe kwanza, halafu disconnect(), halafu loop_stop(). Mteja anayeondoka kwa disconnect() wosia wake hufutwa; anayezimwa ghafla, wakala hutangaza wosia huo kwa wote waliojiandikisha kwenye mada yake.