Hesabu za Watu Wawili Wanaokwenda Unguja

Likizo ya kisiwani kwa watu wawili, iwe ni fungate ya waliooana juzi au mapumziko ya wanandoa waliokwishalea watoto wakakua, ina hesabu ya namna yake, kwa sababu gharama zake hazipimwi kwa kipimo kimoja. Nauli ya meli hutozwa kwa kila abiria, chumba hutozwa kwa siku, teksi hutozwa kwa gari zima hata likiwa na viti vitupu, na boti hukodishwa kama chombo kizima, hivyo kwamba wawili ni wachache mno kuigawana boti ya watu wanane, lakini wanatosha kulipa kila kiingilio mara mbili. Anayejumlisha kila kitu kwa mkupuo na kusema kwamba milioni moja na nusu itatosha huwa bado hajapanga, amekisia tu. Makala haya yanaichukua Unguja, kisiwa kikuu cha Zanzibar, kuwa mfano, kwa kuwa ndicho kisiwa ambacho wasafiri wengi wa Tanzania Bara hukifikiria kwanza, na kwa kuwa mambo yanayoamua gharama zake, yaani upepo, mvua, mwezi na umbali, huziamua pia gharama za Pemba, Mafia na Lamu.

Uamuzi wa kwanza ni wa tarehe, nao una uzito kuliko mazungumzo yote ya kupunguziwa bei yatakayofuata. Mwaka wa pwani huongozwa na pepo mbili za msimu: kaskazi, unaovuma kutoka kaskazini-mashariki takriban kuanzia Desemba hadi Machi na kuja na joto, na kusi, unaovuma kutoka kusini takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, ulio na ubaridi na nguvu zaidi. Zinapopishana pepo hizo huingia mvua: za masika kati ya Machi na Mei, ambazo ndizo kubwa, na za vuli kati ya Oktoba na Desemba, ambazo aghalabu hunyesha kwa muda mfupi na kuliachia jua nafasi yake. Bei za vyumba huifuata kalenda hiyo kwa karibu. Hupanda Julai na Agosti, wageni wa Ulaya wanapokuwa likizoni. Hufika kileleni wiki ya Krismasi na Mwaka Mpya, ambapo baadhi ya hoteli huongeza malipo ya lazima ya chakula cha sikukuu. Kisha hushuka Aprili na Mei, baadhi ya hoteli za ufukweni zikifunga milango kabisa ili kufanya ukarabati. Wenzi wasiobanwa na likizo za shule wanafaa kuzitazama kingo za misimu, hasa mwanzoni mwa Juni na sehemu ya Novemba, ambapo bei huwa bado haijapanda na hali ya hewa huwa ya kuvumilika. Anayekwenda masika hupata chumba kizuri kwa fedha kidogo, pamoja na uwezekano wa kukaa barazani siku mbili nzima akiitazama mvua. Kwa walio fungateni, pengine hiyo si hasara.

Kalenda ya pili ni ya mwezi, na wasafiri wa bara huisahau. Maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na nyakati hizo huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku inayofuata. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huingia bamvua, yaani kipindi ambacho maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake ikikaribia mita 4. Kati ya bamvua moja na nyingine huwa maji mafu, ambapo tofauti hiyo hupungua. Pwani ya mashariki, kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Paje na Jambiani, imekingwa na mwamba wa matumbawe ulio mbali na ufuko, na eneo lililo kati ya mwamba huo na ufuko lina kina kifupi, kwa hiyo siku za bamvua maji hulikimbia. Kwa kawaida ya Unguja, maji ya bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, yaani saa ileile ambayo mgeni aliyelipia chumba kinachotazama bahari humaliza chai na kuteremka ufukweni. Hapo mbele yake hakuna bahari, kuna mchanga wenye vidimbwi vya maji ya kifundoni, safu za vijiti vya mashamba ya mwani vilivyounganishwa kwa kamba, na wanawake walioinama wakivuna. Ni mandhari ya kupendeza, na kutembea kuelekea kwenye mwamba hakuna malipo, lakini mwenye kutaka kuogelea itambidi angoje mchana. Nungwi na Kendwa, kaskazini mwa kisiwa, maji hayaendi mbali hivyo, na wenye hoteli wanalijua hilo wanapopanga bei. Wenzi wanaochagua Jambiani kwa unafuu wa chumba, kisha wakalazimika kukodi teksi kwenda kuogelea kaskazini, unafuu wao huishia barabarani.

Kalenda ya tatu ni ya dini. Ramadhani, ambayo hutangulia kwa takriban siku 11 kila mwaka na ambayo kati ya 2026 na 2028 inaangukia baina ya mwisho wa Januari na Machi, hubadili mwenendo wa mji wote: migahawa mingi hufungwa mchana, kula hadharani hakuruhusiwi, na huduma za chakula hubaki ndani ya hoteli za kitalii. Siku za kuelekea Idd, tiketi za meli huadimika.

Baada ya tarehe hufuata idadi ya siku, na hapa ndipo bajeti nyingi huharibika bila mwenyewe kujua. Wataalamu wa hesabu hutofautisha gharama zisizobadilika, ambazo hulipwa mara moja bila kujali urefu wa safari, na gharama zinazobadilika, ambazo huongezeka kadiri siku zinavyoongezeka. Kuvuka kutoka Dar es Salaam kwa meli ya mwendo kasi, safari ya takriban saa moja na nusu hadi mbili, ni gharama isiyobadilika. Vivyo hivyo teksi kutoka bandari ya Malindi, mjini Zanzibar, hadi Nungwi, umbali wa takriban kilomita 60. Ichukuliwe kwamba kufika hadi ufukweni na kurudi kunawagharimu wote wawili shilingi 300,000. Wakilala siku mbili, kila siku inabeba 150,000 kabla ya chumba kulipwa. Wakilala siku tano, kila siku inabeba 60,000. Kwa sababu hiyo safari fupi ya mwisho wa wiki, ambayo huonekana kuwa ya watu wenye kipato kidogo, ndiyo yenye siku ghali kuliko zote, na wenye fedha kidogo hunufaika zaidi wakienda mara moja kwa siku tano kuliko mara mbili kwa siku mbilimbili. Daladala za kwenda Nungwi, Paje na Jambiani zipo, na nauli yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya teksi, ila huchukua muda mrefu zaidi na mzigo mkubwa huwa kero kwa wote waliomo.

Chumba hudai umakini wa pekee, kwa kuwa bei yake hutajwa kwa namna mbili zinazofanana machoni. Ipo bei ya chumba, ambayo ni moja hata wakilala wawili, na ipo bei ya mtu mmoja kwa masharti kwamba chumba kinalaliwa na wawili. Hoteli ya kwanza ikitaja 130,000 kwa chumba na ya pili ikitaja 80,000 kwa mtu, ya pili huonekana rahisi, ilhali wawili watalipa 160,000. Kwa siku nne tofauti inafika 120,000. Inafaa pia kuuliza kilichomo ndani ya bei: kifungua kinywa peke yake, au pamoja na chakula cha jioni, au milo yote mitatu. Hoteli iliyo mbali na kijiji huwaweka wageni wake mikononi mwake, kwa sababu mwenye njaa saa saba mchana hana pa kwenda ila mgahawa wake, kwa hiyo bei ya chini ya chumba hulipwa mezani. Tozo ya miundombinu, ambayo hutozwa kwa kila mtu kwa kila siku anayolala, nayo huenda isiwemo katika bei iliyotangazwa.

Hoteli na kampuni za meli huwa na bei ya raia au wakazi na bei ya wageni, na tofauti kati yake si ndogo, kwa hiyo kitambulisho cha taifa kina thamani ya fedha taslimu katika safari hii. Wenzi ambao mmoja ni Mtanzania na mwingine ni wa nje hulazimika kutengeneza bajeti mbili ndani ya moja. Tangu Oktoba 1, 2024, wageni kutoka nje ya nchi wanaoingia Zanzibar wanatakiwa kukata bima maalumu kupitia Shirika la Bima la Zanzibar, ambayo ilianza kwa dola 44 za Marekani kwa mtu mzima. Wanaotoka Kenya huhitaji pia kuwa na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na ni busara wayathibitishe masharti yote yanayowahusu kabla ya kulipa nauli.

Matembezi ya baharini ndiyo hasa yanayowaumiza watu wawili kwa uchache wao. Mwenye boti ya kwenda Changuu, kisiwa kidogo chenye kobe wakubwa wenye asili ya Shelisheli, huhesabu mafuta yake na nahodha wake, na gharama hizo hazipungui abiria wakiwa wawili. Akitaka 120,000 kwa boti nzima, wenzi wawili watatoa 60,000 kila mmoja. Wakijiunga na wengine wanne waliosimama kwenye bustani ya Forodhani mjini wakingoja vivyo hivyo, kila mmoja atatoa 20,000. Mara nyingi anayewakutanisha watu hao ni papasi, jina ambalo Wazanzibari wamewapa vijana wanaowaandama wageni mitaani na ufukweni wakiwatafutia boti, teksi na vyumba kwa kutegemea malipo ya udalali. Papasi hastahili kuogopwa wala kuaminiwa kupita kiasi: bei anayoitaja ina chake ndani, kwa hiyo anayeongea moja kwa moja na nahodha huwa na nafasi ya kupunguziwa. Swali ambalo halipaswi kusahaulika ni kama kiingilio cha kisiwa na ada ya hifadhi vimo ndani ya bei, maana hivyo hulipwa kwa kila kichwa.

Fedha za safari hukusanywa vizuri zaidi zikitengwa na za nyumbani. Lengo la 1,200,000 kwa miezi minane ni 150,000 kwa mwezi, na wenzi wenye vipato tofauti wanaweza kuchangia kwa uwiano, mmoja 90,000 na mwenzake 60,000, bila yeyote kujiona mnyonge. Kibubu kinafaa kwa wenye nidhamu. Upatu, yaani mchango wa zamu miongoni mwa watu wanaoaminiana, unafaa iwapo zamu imepangwa kuangukia kabla ya siku ya kulipa hoteli. Malipo hayo kwa kawaida huanza na arubuni, sehemu ya bei inayotangulizwa ili chumba kishikwe, na kabla ya kuitoa ni lazima ifahamike kwa maandishi kama itarudishwa safari ikiahirishwa, na hadi siku ngapi kabla. Nauli ya kurudia nyumbani iwekwe kando tangu mwanzo, tena isiguswe, kwa sababu nje ya mji mashine za kutolea fedha ni chache.

Mpangilio wa mahali pa kulala nao una akiba iliyofichika. Wengi huanza na Mji Mkongwe, sehemu ya kale ya mji wa Zanzibar, kisha wakamalizia ufukweni, na siku ya kuondoka hulazimika kukodi teksi kabla ya alfajiri ili waiwahi meli ya saa moja asubuhi. Wanaougeuza mpangilio huo, wakaenda ufukweni kwanza na kuurudia mji siku ya mwisho, hushuka mchana kwa daladala bila haraka, hula urojo na mishkaki Forodhani jioni, na asubuhi hutembea kwa miguu hadi bandarini wakiwa na mabegi yao.