Nguo za watoto za mitumba: Pima kwa sentimeta, si kwa miezi

MFANYABIASHARA mdogo wa mitumba katika kijiji kama Muyama, mkoani Kigoma, siku hizi halazimiki kupanda basi kwenda Dar es Salaam kutafuta mzigo. Anafungua simu, anaangalia picha ambazo muuzaji wa jumla ameweka kwenye kundi la WhatsApp au ukurasa wa Instagram, anauliza bei, anatuma fedha kwa simu na kusubiri mzigo ushushwe kwenye basi Kasulu. Amepunguza nauli, siku za kulala gesti na hatari ya kuibiwa njiani.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho picha haionyeshi, nacho ni ukubwa wa nguo. Katika nguo za watu wazima kosa hilo husameheka, kwa sababu shati kubwa litapata mtu mkubwa na fundi cherehani yupo. Katika nguo za watoto wachanga, tofauti ya sentimeta sita inatosha kuifanya nguo nzuri kabisa ikae kwenye turubai miezi minne bila kuulizwa bei.

Muyama ni kata ya Wilaya ya Buhigwe, ambayo ilikuwa sehemu ya Kasulu hadi ilipopewa hadhi ya wilaya mwaka 2012. Wakazi wake ni wakulima wa maharage, mahindi, migomba, mihogo na kahawa katika nyanda za juu zinazopakana na Burundi. Fedha huonekana baada ya mavuno, hasa katikati ya mwaka, na huo ndio msimu ambao mama hukumbuka kumnunulia mtoto sweta. Mfanyabiashara aliyekosea mzigo mwezi Juni hana nafasi ya kurekebisha hadi msimu mwingine.

Hasara inavyoingia

Hebu tuchukue mfano wa hesabu. Bei hutofautiana kwa mwezi na kwa daraja la nguo, kwa hiyo kila mmoja aweke tarakimu zake mwenyewe.

Belo la kilo 45 la nguo za watoto linaweza kuwa na vipande 400 hivi, iwapo kila kipande kina uzito wa gramu 110 na kidogo. Tuseme limenunuliwa kwa Sh 400,000, na usafiri, ada ya kutuma fedha na ushuru wa soko vimefika Sh 40,000. Kila kipande kimemfikia mwenye mali kwa Sh 1,100. Akiuza vyote kwa wastani wa Sh 1,700 anapata Sh 680,000, yaani faida ya Sh 240,000.

Sasa tuseme vipande 120 ni vidogo mno, vya mtoto wa wiki chache, na mwisho wake vimeuzwa kwa Sh 300 kila kimoja ili viondoke. Mapato yanashuka hadi Sh 512,000 na faida inabaki Sh 72,000. Vikiwa 160, faida ni Sh 16,000 tu. Na kama mtaji ulikopwa VICOBA kwa riba ya asilimia 10, riba ya Sh 44,000 imeshaimeza faida hiyo na kudai zaidi. Nguo hazikuchanika wala hazina madoa. Ni ukubwa tu.

Wafanyabiashara wengi wakishapata hasara ya namna hii hulaumu daraja, wakisema waliuziwa daraja la pili kwa bei ya la kwanza. Pengine ni kweli. Ila daraja hupima uchakavu na muundo wa nguo, halisemi chochote kuhusu umri wa mtoto. Tena vipande vidogo kabisa ndivyo hupendeza zaidi kwenye picha, kwa kuwa mtoto wa Ulaya amevivaa wiki chache tu kabla havijambana. Mzigo unaong'aa kama mpya unaweza kuwa ndio uliojaa nguo za mwezi mmoja.

"12" ya wapi?

Chanzo cha mkanganyiko ni lebo. Mitumba hukusanywa Uingereza, Ujerumani, Marekani, Kanada, China, Korea na kwingineko, na mara nyingi hupitia nchi ya tatu kama Falme za Kiarabu, Pakistan, India au Poland ambako huchambuliwa na kufungwa upya. Belo moja linaweza kuwa na nguo za nchi tano, na kila nchi ina namna yake ya kuandika ukubwa.

Nguo nyingi za Ulaya bara huandikwa urefu wa mtoto kwa sentimeta: 56, 62, 68, 74, 80, 86, 92, zikiruka sita sita. Namba hiyo ni urefu wa mtoto mwenyewe kutoka utosini hadi kisiginoni, si urefu wa nguo. Nguo za China huandikwa mara nyingi namba mbili, kwa mfano 80/48, ya kwanza ikiwa urefu wa mtoto na ya pili mzunguko wa kifua. Za Korea na Japan huenda kwa 70, 80, 90, 100.

Waingereza, Wamarekani na Wafaransa huandika umri. Hapo ndipo penye mtego. Nguo ya Ufaransa yenye miezi 12 hushonwa kwa mtoto wa sentimeta 74. Ya Uingereza yenye miezi 9 hadi 12 hushonwa kwa mtoto anayefikia sentimeta 80. Zote mbili mfanyabiashara atazitundika upande wa "mwaka mmoja", na moja kati ya hizo haitamwenea mtoto aliyeletwa. Lebo ya Marekani ikiwa na herufi T mbele ya namba, kama 2T, maana yake ni mtoto aliyeanza kutembea, na husaidia pale inapoonyesha pia uzito kwa paundi. Paundi moja ni kama gramu 450.

Hata hivyo, nguo iliyokwisha kufuliwa na kukaushwa kwa mashine mara 30 haifanani tena na lebo yake. Pamba hurudi, hasa kwa urefu. Nyingine zimevutika shingoni. Na nyingine hazina lebo kabisa.

Hakuna mamlaka iliyowahi kuweka kipimo kimoja kwa mzigo huu. Milango ya uagizaji ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980 mitumba iliingia kwa kilo, na kwa kilo ndivyo inavyouzwa mpaka leo. Mjadala mkubwa wa mwaka 2016, wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walipokubaliana kuiondoa hatua kwa hatua, ulihusu viwanda vya ndani. Baada ya Marekani kutishia kuondoa nafuu za kibiashara za AGOA, Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma, Rwanda ikaendelea na mwaka 2018 nguo zake zikapoteza nafuu hiyo. Mama wa kijijini anayeuliza kama ovaroli itamtosha mwanawe hakuwa kwenye ajenda.

Mtoto wa kwenye kadi

Umri hauaminiki kwa sababu nyingine iliyo karibu zaidi na nyumbani. Kwa mujibu wa viwango vya ukuaji vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2006, mtoto wa kiume wa wastani huzaliwa na urefu wa sentimeta 50, hufika 61 akiwa na miezi mitatu, 68 akiwa na miezi sita, 76 akitimiza mwaka na karibu 88 akitimiza miaka miwili. Wa kike hupungua kwa sentimeta moja au mbili.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa mtoto wa kiume wa mwaka mmoja, kudumaa maana yake ni kuwa chini ya sentimeta 71. Mtoto huyo, akivalishwa nguo ya Kiingereza ya umri wake, mikono itafunika vidole. Mkoa wa Kigoma umekuwa miongoni mwa mikoa inayotajwa kwa tatizo hilo, kwa hiyo mfanyabiashara anayepanga meza yake kwa umri ajue kuwa sehemu kubwa ya wateja wake hawalingani na lebo. Suala la lishe ni kubwa kuliko soko la mitumba, lakini ni kweli ya wateja na haina budi kuingia kwenye hesabu.

Njia rahisi ipo mkononi mwa mama: kadi ya kliniki. Mama wengi hawajui urefu wa mtoto kwa sentimeta, lakini kilo wanazijua kwa sababu hupimwa kila mwezi. Kwa kukadiria, mtoto wa kilo 6 na nusu huenda na nguo ya 62, wa kilo 8 na ya 68, wa kilo 9 na nusu na ya 74 au 80, wa kilo 12 na ya 86 au 92. Mfanyabiashara anayeuliza "mtoto ana kilo ngapi?" badala ya "ana miezi mingapi?" atapunguza sana watu wanaorudi kesho kutaka kubadilishiwa.

Liko pia suala la nepi. Nguo nyingi za Marekani na Ulaya za siku hizi zimekatwa zikae juu ya nepi nyembamba za kutupa. Mtoto anayefungwa nepi ya kitambaa ana makalio mapana zaidi, na ovaroli yenye vifungo vya chini hukataa kufunga hata kama urefu unatosha. Kwa mtoto wa nepi ya kitambaa chukua saizi moja juu, au chagua suruali ya mpira kiunoni na blauzi.

Kubwa ina mnunuzi

Kosa la ukubwa haliumizi sawa pande zote mbili. Nguo kubwa ina mnunuzi. Mama wa kijijini hununua ya mbele ya umri kwa makusudi, anakunja mikono, anambeba mtoto mgongoni kwa kitenge, na mwakani nguo inakuwa saizi yake. Baadaye anairithi mdogo wake. Nguo ndogo haina bahati hiyo. Katika miezi mitatu ya kwanza mtoto hurefuka kwa sentimeta 11 hivi, kwa hiyo saizi 56 ina maisha ya wiki chache tu.

Anayeagiza kwa simu basi aombe mzigo ulioegemea 74 hadi 92, na vipande vichache vya chini ya 62. Vile vidogo vina soko lao, ila ni soko jembamba: wajawazito wanaojiandaa kwenda kujifungua, ambao huhitaji nguo mbili tatu, kofia na sweta la kumfunika mtoto mara tu anapozaliwa. Vifungwe pamoja kama seti na kuuzwa bei moja, visimwagwe kwenye lundo la kuchagua.

Ubaridi nao una faida kwa Muyama. Ziwa Tanganyika liko kwenye mwinuko wa takriban meta 770 na miji ya kando yake ina joto. Dar es Salaam ndiyo zaidi. Masweta mazito, ovaroli za manyoya na kofia za sufi hazigombewi sana huko, wakati katika nyanda za juu za Buhigwe, Kasulu na Kibondo usiku wa Juni na Julai unazihitaji. Mnunuzi wa mlimani anayetaja wazi kuwa anataka nguo nzito ana nafasi ya kupunguziwa bei, kwani anamwondolea muuzaji mzigo uliolala.

Kabla ya kutuma fedha

Muuzaji wa jumla akisema "gredi A, mikoani tunatuma", maswali hayajaisha. Aombwe kupiga picha vipande kumi vilivyoshikwa bila kuchagua, kila kimoja kimelazwa na tepu ya fundi juu yake, kuanzia begani hadi kwenye mapaja, na picha ya lebo kando. Mnunuzi naye alaze nguo anayojua inamtosha mtoto wa kilo 9 na kulinganisha. Kazi hii ni ya dakika 20. Muuzaji anayeikataa kwa mzigo wa laki nne anastahili kuachwa na laki nne zake zisizokuwapo.

Makubaliano yaandikwe kwenye ujumbe, si kwa kupiga simu: uzito wa belo, saizi, nguo nzito au nyepesi, na nani anabeba hasara mzigo ukija tofauti. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na iliyouzwa kwa sampuli ilingane na sampuli. Kauli ya "mzigo ukishafunguliwa haurudishwi" ni kali, lakini haimpi muuzaji ruhusa ya kuahidi sentimeta 80 na kutuma 56. Tatizo ni ushahidi. Belo lifunguliwe mbele ya mtu wa pili huku simu ikirekodi, kuanzia kamba inapokatwa.

Kwa mtaji mdogo, belo zima la kutoka umbali wa zaidi ya kilometa 1,000 si lazima liwe la mtu mmoja. Watu watatu wa masoko tofauti, kwa mfano Muyama, Manyovu na Kasulu mjini, wanaweza kuchanga, kufungua pamoja na kugawana kwa saizi: wa mjini karibu na hospitali achukue za wachanga, wa mlimani nzito za 74 kwenda juu. Nguo za ndani zilizotumika ziwekwe pembeni wasigawane, maana Shirika la Viwango Tanzania (TBS) limezipiga marufuku, na mgambo wa soko akizikuta mezani hatauliza zilitoka kwenye belo la nani.