CD ya Draiva Haiwashi Waifai Kwenye Linux

Swali linalorudiwa mno na wanafunzi na watumishi wa Mwanza waliohamishia laptopu zao za mtumba kwenye Linux, kisha wakanunua adapta ya waifai ya USB pale Makoroboi, ni namna ya kuisakinisha kwa Wine ile CD ndogo inayokuja ndani ya boksi. Swali hilo limepinda tangu mwanzo, na majibu ya vijiweni huzidi kulipinda.

Wine hupokea maombi ya programu za kawaida za Windows, kama za uandishi au michezo, na kuyageuza yawe maombi ambayo Linux inayaelewa. Draiva, yaani programu inayouwezesha mfumo kuwasiliana na kifaa, haimo katika kundi hilo, kwa kuwa hufanya kazi ndani ya kerneli, kiini cha mfumo kinachotawala vifaa vyote, na huko Wine haifiki wala haikuundwa ifike. Ndiyo maana usakinishaji huweza kufika asilimia mia, dirisha likatangaza kwamba kazi imekamilika, na waifai isionekane. Wanaojiona wajuzi zaidi huagiza ndiswrapper, chombo kilichokusudiwa kubeba draiva za enzi za Windows XP, na kukihangaikia leo kwa ajili ya adapta mpya ni kupoteza siku nzima bure. Ama ushauri wa kufuta kila kitu na kusakinisha Linux ileile upya, huo hurudisha kerneli ileile pamoja na upungufu wake.

Kinachotakiwa kujulikana ni chipu, wala si jina lililoandikwa kwenye boksi: TP-Link TL-WN722N ya toleo la kwanza ilibeba chipu ya Atheros AR9271, ambayo Linux huipokea bila shida, ilhali toleo la pili, lenye jina lilelile, lilikuja na chipu ya Realtek yenye usumbufu wake. Amri ya lsusb huonyesha namba ya utambulisho ya kifaa, na ikitokea 0bda:1a2b, basi adapta ya Realtek imejitambulisha kama CD yenye draiva ya Windows. CD hiyo ya kujifanya ikitolewa kwa amri ya eject, au kwa usb_modeswitch, namba hubadilika na adapta yenyewe hujitokeza.

Yaliyobaki ni mepesi. Chipu ya MT7601U imo katika kerneli tangu 4.2 ya mwaka 2015, na RTL8821CU tangu 6.2 ya mwaka 2023, kwa hiyo mwenye hiyo RTL8821CU na Ubuntu 22.04 yenye kerneli 5.15 asasishe kerneli kwanza. Amri ya dmesg, inayoonyesha ujumbe wa kerneli, ikilalamika kwamba famuwea, yaani programu inayopakiwa ndani ya chipu yenyewe, haipo, isakinishwe kifurushi chake. Draiva ya kujengwa kwa DKMS, utaratibu wa kuijenga upya kila kerneli inapobadilika, iwe hatua ya mwisho, na Secure Boot, kinga ya kompyuta dhidi ya programu zisizo na saini inayokubalika, ikiwa imewashwa itaikataa mpaka itiwe saini. Intaneti ya kupakulia hayo yote hupatikana kwa simu ya Android iliyounganishwa kwa waya wa USB na kuruhusiwa kugawa bando, ambayo kwa kawaida Linux huitambua papo hapo. Anayeishi mlimani Mabatini, nyuma ya mawe makubwa, anunue adapta yenye antena ya nje, kwani hakuna draiva inayotoboa mwamba.