Jicho Linapong'aa Usiku: Usikatishe Miadi ya Mtoto

Alipokuja kliniki ya macho mara ya kwanza, mama huyu hakuja kwa ajili ya kichanga aliyembeba mgongoni. Alimleta binti yake mkubwa, wa miaka miwili. Usiku mmoja mwanga wa kibatari ulimpiga mtoto usoni, na mama akaona mboni ya jicho la kushoto inang'aa nyeupe kama jicho la paka. Tabibu alimpima mtoto, kisha akamtazama mama. Mama naye ana jicho moja. Jingine lilitolewa utotoni katika hospitali ya misheni huko Kivu Kusini, na nyumbani walisema ni kazi ya jirani mwenye kijicho.

"Sista, kumbe ni ugonjwa mmoja?" alimwuliza muuguzi.

Ni mmoja. Unaitwa retinoblastoma, yaani saratani ya retina, ule utando ulio nyuma ya jicho. Huwapata watoto wadogo, wengi wao kabla ya kutimiza miaka 5. Hauambukizi na hautokani na kurogwa. Husababishwa na hitilafu katika chembe ya urithi iitwayo RB1. Kwa takriban watoto 4 kati ya 10 wenye ugonjwa huu, hitilafu hiyo imo katika chembe zote za mwili tangu kuzaliwa, na wakikua wanaweza kuwarithisha watoto wao. Mzazi mwenye hitilafu hii, kila mtoto anayemzaa ana nafasi moja kati ya mbili ya kuirithi, na wengi wanaoirithi hupata uvimbe jichoni. Ni baba au mama, hakuna tofauti, kwa hiyo wale wanaowafukuza wake zao kwa sababu hii wanaonea tu.

Basi swali likahamia kwa yule wa mgongoni. Macho yake yalikuwa meusi, safi, na alikuwa akinyonya vizuri. Baba alishangaa: mtoto mzima anapelekwa hospitali kutafuta nini?

Jibu ni kwamba weupe unapoonekana kwa macho ya kawaida, mara nyingi uvimbe umeshakuwa mkubwa. Uvimbe mdogo unaweza kuchomwa kwa mwanga wa leza au kugandishwa kwa baridi kali, na jicho likabaki likiona. Ukiwa mkubwa, mara nyingi jicho hutolewa ili kuokoa maisha. Ukivuka jicho na kufika kwenye ubongo au mifupa, ni vigumu sana kumponya mtoto. Katika nchi tajiri zaidi ya watoto 95 kati ya 100 hupona. Afrika wanaopona ni wachache zaidi, na sababu kubwa ni kuchelewa.

Mwaka 2018 wataalamu wa Marekani walichapisha ratiba ya uchunguzi kwa watoto walio katika hatari kubwa. Wiki 8 za kwanza, kila baada ya wiki 2 hadi 4. Kisha kila mwezi mpaka mwaka mmoja. Mwaka wa pili kila miezi 2, wa tatu kila miezi 3, wa nne kila miezi 4, halafu kila miezi 6 mpaka miaka 7. Kwa familia iliyo kambini Kigoma hilo ni zito, hatufichi. Hospitali kubwa zinazotibu ugonjwa huu, kama KCMC ya Moshi na Muhimbili ya Dar es Salaam, ziko mbali sana, na kila safari inahitaji rufaa na kibali cha kutoka kambini. Daktari wa macho ndiye atakayepanga ni mara ngapi inawezekana. Akishapanga, shikeni tarehe hiyo.

Mama huyu alikosa miadi ya pili ya kichanga kwa sababu iliangukia siku ya mgao. Hakuwa na mtu wa kumpokelea chakula. Alirudi baada ya wiki saba akiwa na aibu, akidhani atafokewa. Muuguzi alimpangia siku nyingine, na tangu hapo shangazi wa watoto huenda kwenye mgao badala yake. Ukiona tarehe zinagongana, mwambie mapema mhudumu wa afya wa mtaa wako. Kibali nacho kiombwe mapema, si kesho yake ni safari.

Kuhusu nusukaputi: mtoto akishapita umri wa miezi miwili hivi, mara nyingi hulazwa usingizi ili daktari aone retina yote. Kabla ya hapo haruhusiwi kula wala kunyonya kwa saa atakazoambiwa mama. Wapo wanaomhurumia mtoto akilia wakamnyonyesha kwa siri. Maziwa yakipanda wakati amelala yanaweza kuingia mapafuni, kwa hiyo ukishamnyonyesha, sema, uchunguzi uahirishwe.

Familia zinazorudi nyumbani au kuhamia nchi nyingine ziombe nakala ya cheti cha rufaa na barua ya daktari, na wazibebe mkononi, si ndani ya mzigo. Aliyerithi hitilafu hii hubaki katika hatari ya saratani nyingine hata ukubwani, hasa ya mifupa. Maumivu ya mfupa au uvimbe usioisha uonyeshwe kwa daktari, pamoja na barua hiyo.

Kichanga sasa ana miezi kumi na moja. Amechunguzwa mara nne, macho yote mawili ni safi. Dada yake alitolewa jicho la kushoto, la kulia linaona, na yeye ndiye anayemshika mdogo wake mkono wakitiwa matone ya kutanua mboni. Miadi yao ijayo ni mwezi ujao.