Usitupe kipakatalishi kikuukuu, huenda kasoro ni diski tu

HUENDA unacho nyumbani kipakatalishi kidogo ambacho ukikiwasha asubuhi, chai huchemka na kunywewa kabla hakijawa tayari kwa kazi. Wengi wakifika hapo hukiuza kwa bei ya kutupa, kisha wakaanza kujinyima ili wanunue kingine.

Uamuzi huo mara nyingi hufanywa mapema mno. Katika vipakatalishi vya miaka ya 2007 hadi 2013, kinachochelewesha mashine aghalabu si prosesa, ambayo ndiyo ubongo wake, bali ni diski ngumu inayohifadhi programu na faili.

Ndani ya diski hiyo mna sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na mkono mwembamba unaosoma data. Kila faili inapohitajika, mkono husogea na kungoja sahani ifike mahali panapofaa. Kungoja huko huchukua zaidi ya milisekunde 10, na mashine inapowaka hurudiwa maelfu ya mara.

Diski za kisasa za SSD hazina kitu kinachozunguka. Data huhifadhiwa katika vipande vya kielektroniki na kupatikana kwa muda usiofika milisekunde moja. Aidha, mashine ikitikiswa ndani ya matatu hakuna sahani ya kukwaruzwa.

Pima kabla ya kununua

Si kila SSD huingia katika kila kipakatalishi. Chukua mfano wa Lenovo ThinkPad X220 ya mwaka wa 2011. Hutumia diski ya upana wa inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA, lakini nafasi yake hupokea diski ya unene wa milimita 7 pekee. Ile ya milimita 9.5, iliyozoeleka katika mashine za awali, haiingii.

Mashine za kale zaidi zilitumia kiunganishi cha IDE, chenye safu mbili za pini nyembamba. SSD ya SATA haifai humo. Nyingine hazibadiliki kwa urahisi hata kidogo: katika Asus Eee PC 701 ya 2007, hifadhi ya GB 4 ililehemiwa kwenye bodi. Kwa hivyo fungua mashine uone kilichomo kabla ya kutoa pesa zako.

Usishtuke diski ya GB 500 ikionekana kuwa na GB 465 katika Windows. Hujaibiwa, mtengenezaji na Windows huhesabu kwa vipimo tofauti. Lakini diski inayodai ukubwa wa ajabu kwa bei ya peremende yafaa kutiliwa shaka. Ipime ingali tupu kwa programu ya bure kama H2testw, ambayo huijaza data kisha ikaisoma tena kuhakikisha yote imo.

Akiba haiozi

Hatari kubwa katika kazi hii haimo katika parafujo bali katika data. Diski hugharimu pesa. Tasnifu ya mwanafunzi, hesabu za chama au picha za marehemu mzazi hazinunuliki. Kabla ya kugusa bisibisi, nakili faili zote muhimu kwenye flashi au diski ya nje, kisha uzifungue katika mashine nyingine uhakikishe zinasomeka.

Ikiwa diski yako inatoa sauti ya kugonga-gonga, usiendelee kuitumia kwa kazi za kawaida. Okoa kwanza faili zilizo muhimu zaidi, kwani huenda inakaribia kufa.

Baadaye unaweza kunakili diski nzima kwa programu kama Clonezilla, ukiunganisha SSD kwa kebo ya kutoka SATA hadi USB. Chunga usichanganye diski ya kunakiliwa na ile ya kupokea, la sivyo utafuta kila kitu. Hakikisha pia betri imejaa na chaja imechomekwa, maana umeme ukipotea katikati ya kazi itakubidi uanze upya.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Zima mashine kabisa, chomoa chaja na uondoe betri. Gusa chuma ili umeme tuli ulio mwilini uondoke. Katika X220, ondoa parafujo moja chini ya mashine, vuta kifuniko cha ubavuni, kisha uivute diski polepole. Hamisha reli zake za mpira kwenye diski mpya na uisukume ndani bila kutumia nguvu.

Diski kuukuu usiiuze ovyo. Kufuta faili kwa njia ya kawaida huondoa majina yake tu. Data yenyewe hubakia na yaweza kufufuliwa. Iandike upya yote kwa programu ya kufutia diski, hasa ikiwa ilikuwa na habari za wateja au wanafunzi, ambazo hulindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Hata hivyo, SSD haitibu kila ugonjwa. Haiongezi kumbukumbu ya RAM wala nguvu za prosesa. Vilevile, Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na prosesa ya X220 haimo katika orodha ya zile zinazokubaliwa rasmi na Windows 11. Mwenye mashine kama hiyo afikirie mfumo wa bure wa Linux.

Lakini kwa anayeandika barua, kujaza fomu mtandaoni na kusomesha watoto, diski moja mpya yaweza kuahirisha gharama ya mashine nzima kwa miaka kadhaa.