Harufu ya Nyamula

Nondo wa bungua hutaga usiku. Hutua kwenye jani la mahindi machanga, akapanga mayai kwa safu zinazolaliana kama magamba ya samaki, kisha akaenda zake. Hajatafuna kitu. Mkulima akipita asubuhi haoni kasoro yoyote. Baada ya siku chache viwavi huanguliwa, hutoboa majani ya katikati, halafu huingia ndani ya bua, ambako dawa ya kupuliza haiwafikii tena.

Lakini iko mimea inayotambua kuwa imetagiwa kabla yai halijaanguliwa. Katika kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, Amanuel Tamiru na wenzake waliwaachia nondo wa aina ya Chilo partellus watage kwenye mahindi ya mbegu mbalimbali. Kisha waliyafunika majani kwa mifuko, wakapitisha hewa safi ndani yake na kuinasa harufu iliyotoka. Harufu hizo zilijaribiwa kwenye chombo chenye mikono minne: nyigu mmoja aliwekwa katikati, akaachwa achague pa kwenda.

Nyigu hawa si wale wanaojenga darini. Trichogramma hafiki hata milimita 1, na watoto wake hukulia ndani ya yai la nondo. Cotesia sesamiae humfuata kiwavi hadi ndani ya tundu la bua, akamchoma na kumtia mayai mwilini. Mabuu humla kiwavi angali hai, kisha hutoka na kusuka vifuko vyeupe.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2011 na 2012. Mbegu za kienyeji, zikiwemo Nyamula na Jowi za magharibi mwa Kenya, zilibadilisha harufu baada ya kutagiwa, na nyigu wakaifuata. Chotara za kibiashara zilizopimwa hazikufanya hivyo. Ajabu ni kwamba mahindi yalitoka Amerika, Chilo alitoka Asia, na Cotesia huyu ni mwenyeji wa Afrika. Wamekutana katika mashamba yetu, na tayari harufu imekuwa lugha yao.

Kwamba chotara zile hazina lugha hiyo, jambo hilo linaniuma. Chotara huchaguliwa kwanza kwa wingi wa mavuno, na katika shamba la majaribio linalopuliziwa dawa, mmea unaoita nyigu hauna nafasi ya kuonyesha faida yake. Sifa isiyopimwa hupotea bila mtu kujua.

Mwenye chotara anaweza kuazima harufu kwa kilimo cha vuta-sukuma: mmea wa desmodi kati ya mistari, majani ya tembo pembeni. Majani ya tembo huvuta nondo hasa giza linapoingia, watage huko ambako viwavi wengi hufa. Kuhusu desmodi, kwa miaka mingi ilielezwa kuwa hufukuza nondo kwa harufu. Mwaka 2024 watafiti wengine walisema vinyweleo vyake vyenye ndoano ndivyo vinavyonasa viwavi, na ubishi bado haujaisha. Kwamba mizizi yake hudhibiti gugu la kiduha, hilo lina ushahidi imara.

Hata hivyo vuta-sukuma inadai ardhi na mikono ya ziada. Nyamula hubeba harufu yake ndani ya punje. Ningependa wazalishaji wa mbegu waongeze kipimo kimoja katika majaribio yao: mmea utagiwe, uachwe hadi kesho yake, kisha nyigu aulizwe.